Haja ndogo ndani ya suti kavu: tuongee wazi, wazamiaji wa maji ya baridi

Nyangumi Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni mrefu na unataja mambo ya mwili kwa majina yake. Asiyependa apite salama. Nimeuandika kwa sababu kila mwezi napata ujumbe wa siri kutoka kwa ndugu zetu waliohamia nchi za baridi na kuendelea kuzamia, na swali ni lilelile: mkojo unafanyaje?

Mimi nilijifunzia kuzamia Unguja, upande wa Nungwi, maji ya nyuzi 27, suti ya milimita tatu. Kule haja ndogo si mada. Ukibanwa unajisaidia humohumo, maji yanaingia na kutoka, ukipanda botini unajimwagia ndoo moja, basi. Nikahamia Scotland kikazi. Huku suti ni kavu kwelikweli: ovaroli lisilopitisha tone, shingoni na mikononi kuna mpira laini unaobana ngozi, buti zimeunganishwa na suti, zipu nzito inakatiza kifuani. Ndani unavaa nguo za joto kama mtu anayekwenda kulala kwenye friji. Zipu ikishafungwa na mtungi ukishapanda mgongoni, huna pa kutokea mpaka mbizi iishe na mtu akuvue.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda Scapa Flow, ghuba iliyo katikati ya visiwa vya Orkney, kaskazini ya Scotland. Ndipo Wajerumani walipozizamisha manowari zao wenyewe tarehe 21 Juni 1919. Nyingi ziliinuliwa baadaye zikauzwa chuma chakavu, saba kubwa bado zimelala chini. Ratiba ya boti ilikuwa mbizi mbili kwa siku, siku sita mfululizo. Nikaona dawa ni kutokunywa. Kuanzia saa nne usiku sigusi maji, asubuhi wenzangu wanakunywa chai mimi natazama bahari.

Siku ya tatu tulishuka kwenye meli inayoitwa Cöln, mita 34. Wakati wa kupanda, kompyuta ya kuzamia, ile inayohesabu kina na muda, ikanitaka nisimame mita sita kwa dakika 18 kabla ya kutoka. Nilishika kamba, nimebanwa mpaka naona aibu ya kupumua, mapaja yanatetemeka, kichwa kinagonga. Na hapo sikuwa nimekunywa kitu kwa saa kumi na mbili! Nilipofika juu na kuvuliwa suti, mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nahodha, mzee wa watu, alinitazama akaniambia anayezamia bila kunywa maji kesho atabaki gatini. Alikuwa sahihi, na ningependa mtu angeniambia mapema kwa lugha yangu.

Kwanini unakojoa hata ukiwa umekauka koo? Ukiingia majini mpaka shingoni, maji yanakukamua kuanzia miguuni. Damu iliyotulia miguuni inasukumwa kifuani, moyo unajaa kuliko kawaida yake na kudhani mwili umezidiwa maji. Homoni inayoziambia figo zibane maji inashuka, ile ya kufungulia inapanda, kazi inaanza. Baridi nayo inakaza mishipa ya ngozi, damu inakimbilia ndani, na figo zinapata ujumbe uleule. Kwa hiyo ukiacha kunywa hujazizuia figo hata kidogo. Zitatoa tu, ila sasa zinatoa maji ambayo mwili ulikuwa unayahitaji. Na mwili uliopungukiwa maji unapata tabu kuitoa naitrojeni, ile gesi ya hewa ya mtungi inayoyeyukia mwilini ukiwa chini, wakati wa kupanda. Madaktari wa uzamiaji wanaliweka jambo hili kwenye orodha ya yanayomsogeza mtu karibu na ugonjwa wa mapovu, yaani naitrojeni hiyo kugeuka mapovu mwilini. Sisi tuliowaona wazamiaji wa majongoo ya bahari kule nyumbani wakirudi ufukweni miguu haifanyi kazi hatuhitaji kuhadithiwa ugonjwa huo ukoje.

Basi kunywa. Halafu tafuta njia ya kuutoa.

Njia nyepesi ni zipu ya haja, zipu ndogo ya mbele ambayo baadhi ya suti za wanaume huwekewa. Inakusaidia botini kati ya mbizi na mbizi. Chini ya maji haina msaada, kwa hiyo siizungumzii zaidi.

Ya pili ni pampasi za wakubwa. Msizidharau. Hata wanaanga wanaotoka nje ya chombo huvaa nguo ya kunyonya ya namna hiyo. Kwa mbizi moja ya saa nzima zinatosha, bei ni ndogo, hakuna kutoboa suti. Shida ni mbili. Suti inapokubana, pampasi iliyoshiba inakamuliwa kama sponji na mkojo unaingia kwenye nguo za joto, na nguo ya joto ikilowa haina tena joto. Shida nyingine ni mbizi ya pili: ama uvue kila kitu upepo ukikupiga, ama ukae na ulioloana saa tatu. Ngozi ya mapajani itakulipa usiku.

Ya tatu ndiyo niliyoandikia uzi huu: valvu ya mkojo. Ni kitufe cha plastiki ngumu, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, kinachofungwa kwenye suti juu ya paja. Kwa ndani kina mrija. Mrija unaishia kwenye kiungio, na kiungio kinapokea mpira wa mkojo unaovaliwa kwa nje. Sisemi ule mpira wa hospitali unaoingizwa ndani, hapana. Huu ni wa nje, umbo la kondomu, ncha yake imefanywa bomba dogo, na ndani una gundi. Hospitali zinawapa wazee wa kiume wasioweza kuzuia mkojo. Unakojoa, mkojo unapita kwenye mrija na kutoka baharini. Ndani ya valvu kuna kiwambo kinachoruhusu kutoka na kukataa kuingia.

Kabla fundi hajatoboa: vaa suti yote na nguo za ndani na glavu zako nene, kaa kwenye kiti, peleka mkono pajani bila kutazama. Pale vidole vinapotua vyenyewe, piga alama ya chaki. Fundi wangu alitaka kuiweka nyuma zaidi ili ikae nadhifu. Nilikataa, na mpaka leo nashukuru. Kwenye nguo ya joto nayo toboa tundu dogo la kupitishia mrija, ulizungushie mshono lisifumuke.

Sasa mpira wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Saizi ni kipenyo kwa milimita: 25, 29, 32, 36, 41, au karibu na hapo kutegemea mtengenezaji. Wauzaji hutoa karatasi yenye matundu ya kupimia. Pima kwa ukweli. Mkubwa unavuja, mdogo unakaba. Kati ya wote walionilalamikia kuvuja, karibu kila mmoja alikuwa amechukua mkubwa kuliko wake.

Asubuhi ya kuzamia oga, jikaushe vizuri, usipake mafuta wala losheni. Nywele za chini zipunguze kwa mkasi siku moja kabla. Wembe siupendi, unaacha vidonda vidogo na gundi inavichoma. Vingirisha mpira taratibu, ukiacha nafasi ya kama sentimita moja na nusu mbele, kati ya ncha ya mwili na bomba. Nafasi hiyo isipokuwepo mkojo unarudi nyuma na kuibandua gundi. Ikizidi, mpira unajisokota kama kamba ya pipi na njia inaziba. Ukishauvaa, ushike kwa kiganja kwa dakika nzima, joto la mkono liiamshe gundi. Kisha chupi ya kubana juu yake, bomba likitokea kwenye uwazi wa mbele. Unganisha na mrija, vuta kidogo usikie kiungio kimekaa, chuchumaa, simama, hakikisha mrija haukujikunja.

Nimewahi kusahau hatua moja. Valvu yangu ya kwanza ilikuwa ya kufungua kwa kuzungusha, na kabla ya kuruka unatakiwa uizungushe mizunguko miwili. Siku hiyo bahari ilichafuka, nahodha anapiga kelele turuke, nikaruka. Mita 20 nikajiachia. Nilisikia joto zuri, halafu nikasikia mpira unavimba kama puto la sikukuu, halafu ukafumuka. Mkojo wote ulishuka mguu wa kushoto mpaka kwenye buti. Dakika kumi ulikuwa wa moto, na baada ya hapo nilikaa dakika 35 na soksi zilizoloa kwenye maji ya nyuzi tisa. Mguu ulikufa ganzi kiasi kwamba nilishindwa kupanda ngazi peke yangu. Tangu hapo ukaguzi wangu na mwenzangu una swali la ziada, tunaulizana kwa sauti botini: hewa, vifungo, taa, valvu imefunguliwa? Haoni haya yeye, sioni haya mimi.

Chini ya maji: usisubiri mpaka ubanwe. Ukisikia dalili, simama pale ulipo, lala mlalo, ongeza hewa kidogo kwenye suti isikukamue tumbo, kisha achia polepole. Ukisimama wima hewa yote inapanda mabegani, miguu inabanwa, na mkojo unakuwa unapigana na mlima. Mara ya kwanza hautatoka. Ubongo umefundishwa tangu utotoni kwamba ndani ya nguo ni mwiko. Kwa hiyo jaribu nyumbani: vaa mpira, chomeka mrija, keti kwenye beseni la kuogea, kunywa chupa ya maji, ngoja. Mimi ilinichukua jioni tatu.

Maswali yaleteni.

Mwana wa Kilifi

Boss, shukrani sana, huu uzi nimeungoja. Niko Norway, nazamia fjodi, ghuba nyembamba za bahari katikati ya milima, kila wikendi. Niliuziwa valvu ya bei nafuu. Kila nikishuka, kuanzia mita kumi hivi nasikia kama nanyonywa pale mbele. Nikitoka kuna alama nyekundu, na wiki iliyopita palikuwa na damu kidogo chini ya ngozi. Ni mpira mdogo ama?

Nyangumi Kaskazini

Ndugu yangu, kwanza pumzika kuivaa mpaka ngozi ipone. Sidhani ni saizi. Valvu yako ni ile isiyosawazisha.

Fikiria hivi. Unaposhuka unaongeza hewa kwenye suti ili isikubane. Lakini ile hewa kidogo iliyomo ndani ya mrija na mpira imefungiwa, haipati nyongeza yoyote. Inasinyaa kadiri unavyoshuka, na inaposinyaa inavuta chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni nyama yako. Mita 10 imebaki nusu ya ilivyokuwa juu, mita 30 imebaki robo.

Valvu ya kusawazisha ina tundu la ziada linalopokea hewa ya suti na kuipeleka kwenye mrija, kwa hiyo shinikizo la ndani ya mpira linalingana na la suti muda wote. Ni ghali zaidi na ningekushauri uibadilishe. Kama huwezi mwezi huu, wazamiaji wa zamani wana mbinu: mara tu unapoanza kushuka, mita mbili tatu tu, toa mkojo kidogo ujaze mrija. Kimiminika hakisinyai kama hewa. Lakini inakulazimu uwe na mkojo tayari na uweze kuutoa kwa amri, na si kila mtu anaweza.

Nesi wa Zamu

Naomba niongezee upande wangu. Nimefanya kazi wodi ya wanaume miaka mingi, mipira hii ya nje naivalisha na kuivua kila siku.

Msiivute! Nawaomba. Ikiwa imekauka na gundi imeshika, ukiivuta inatoka na ngozi ya juu. Ingia bafuni, maji ya vuguvugu na sabuni, uiache iloe dakika chache, kisha ivingirishe kurudi kama ulivyoivaa. Na kabla hujavua suti hakikisha umechomoa kiungio. Mtu akivua suti kwa haraka na mrija bado umeshikana na mpira, anajiumiza vibaya.

Mpira ni wa kutumia mara moja. Usiufue ukauvaa kesho. Ukiwashwa au ukaona malengelenge mahali gundi ilipogusa, uliza kama ni wa lateksi, wapo wenye mzio nayo. Nunua wa silikoni. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia sehemu za chini aongee na daktari wake kabla ya kutumia kitu hiki, maana anaweza kubanwa asisikie.

Na jambo kubwa zaidi ni mrija. Umebaki na mkojo na maji ya bahari, umefungiwa kwenye begi lenye giza na unyevu mpaka wikendi ijayo. Huo ni uwanja wa bakteria. Mnausafishaje?

Nyangumi Kaskazini

Dada Nesi, umegusa pale nilipotaka kurudi.

Richard Harris, yule daktari wa usingizi wa Australia aliyekuwa kwenye uokoaji wa watoto wa pango la Tham Luang kule Thailand mwaka 2018, ni mzamiaji wa mapango. Mwaka 2009, kabla dunia haijamjua, aliandika kwenye jarida la tiba ya uzamiaji kuhusu maambukizi ya njia ya mkojo na majeraha ya shinikizo yaliyowapata wazamiaji kutokana na valvu hizi. Mtu mzima mwenye afya, kifaa cha kukojolea, na mwisho wake ni homa kali na dawa za kuua bakteria. Niliposoma habari ile nilikwenda kuutazama mrija wangu kwa tochi. Ndani ulikuwa na utando wa rangi ya maziwa mgando. Nilikuwa nausuuza kwa maji ya bomba na kujiona msafi.

Ninavyofanya sasa: nina bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano, kubwa lile. Jioni ileile ya mbizi nachomeka kwenye kiungio kwa ndani na kusukuma maji matamu ya vuguvugu mpaka yatoke kwenye valvu safi. Kisha dawa ya kusafishia chupa za watoto wachanga, imechanganywa kama pakiti inavyosema, nasukuma na kuiacha ndani ya mrija kwa muda ulioandikwa. Kisha maji matamu tena, mara mbili, ili dawa isibaki ikaja kuichoma ngozi. Kisha hewa tupu mpaka mrija ukauke. Mrija wa mpira laini naubadilisha kila msimu, ni bei ya vikombe viwili vya kahawa.

Valvu yenyewe naifungua. Chembe moja ya mchanga chini ya kiwambo inatosha kukiacha wazi, na hapo maji ya bahari yanarudi mpaka kwenye mpira, yakikuta gundi imelegea yanaingia kwenye suti. Kabla ya msimu navuta hewa kwa lile bomba la sindano nikiwa nimeizamisha valvu kwenye ndoo. Nikiona maji yanakuja kwenye bomba, kiwambo hakifungi.

Nikisikia kuungua wakati wa kukojoa baada ya safari, au homa, nakwenda kwa daktari siku hiyohiyo na namwambia wazi kwamba natumia kifaa hiki majini. Ukificha atakutibu UTI ya kawaida, na wadudu wa majini hawasikii kila dawa.

Bi Mawimbi

Asante kaka, lakini uzi mzima ni wa wanaume. Sisi? Nipo Vancouver, mbizi zangu ni dakika 70, na klabu yangu nzima wanawake tunavaa pampasi kwa sababu hakuna aliyetuelekeza kitu kingine.

Nyangumi Kaskazini

Dada, ni kweli, na sitaki kusimulia nisichokivaa. Kuna dada yetu humu anayezamia maziwa ya Ujerumani, nimemwita.

Chewa wa Ziwani

Nimeitika wito. Shikamooni wakubwa.

Bi Mawimbi, ninachotumia kinaitwa She-P, kinatoka Uholanzi. Ni kikombe cha silikoni laini kilichokatwa kufuata umbo la mwanamke, kinabandikwa kwa gundi ya ngozi ya kitabibu, na mbele kina bomba linaloingia kwenye mrija uleule na valvu ileile wanayosema hawa kaka zetu. Kwa hiyo ukiwa na suti iliyokwisha kutobolewa, umeshafika nusu ya njia.

Nusu iliyobaki ni uvumilivu. Kwa mwanamume kuna kitu cha kuvisha. Kwetu unaziba eneo lenye mikunjo, na upande wa nyuma ndio msaliti. Mara zangu tatu za mwanzo zote zilivuja nyuma. Nilichojifunza: lazima pasiwe na nywele kabisa pale gundi inapokaa, na ngozi iwe kavu ya kukauka, si ya kufutwa tu. Gundi pakaza kwenye kikombe na kwenye ngozi, ngoja ikaukie mpaka ukiigusa inanata bila kuchafua kidole, ndipo ubandike, kuanzia nyuma kuja mbele. Kisha kaa umeminya mapaja dakika tano. Mimi nakaa juu ya taulo lililokunjwa nikimalizia kujaza karatasi za mpango wa mbizi. Juu yake chupi ya kubana sana.

Halafu kajaribu kwenye beseni ukiwa umelala kifudifudi, maana ndivyo utakavyokuwa majini. Ukijaribu umesimama tu, utadhani imefaulu.

Siku za mwezi siivai, nakwenda na pampasi. Na mbizi fupi ya dakika 40 pia ni pampasi, sioni sababu ya kupoteza gundi. Usiache mtu akwambie pampasi ni ushamba. Kilicho kibaya ni yule shoga yangu aliyekuwa hanywi maji tangu jana yake ili akae na wanaume wa klabu bila kusema anahitaji choo. Alizimia kwenye ngazi ya boti. Alipona, lakini nilimshika mkono ukiwa baridi kama samaki, sitaki kuushika tena mkono wa namna ile.

Bi Mawimbi

Chewa, Mungu akubariki. Nimenakili yote.

Abu Bahr

Assalaam alaykum. Nina swali ambalo nimeona haya kumuuliza imamu wangu hapa Cardiff kwa sababu nitalazimika kuanza kumweleza suti kavu ni nini. Safari za boti zinachukua siku nzima, Adhuhuri na Alasiri zinanikuta huko. Nikishatumia valvu, twahara yangu ya swala ikoje?

Nyangumi Kaskazini

Waalaykum salaam shekhe wangu. Hukumu mwulize imamu, na mweleze suti kavu ni nini, atakuelewa. Hawa watu wanaulizwa mambo mazito kuliko hilo. Mimi nitakwambia ninavyojipanga kivitendo.

Mpira ukikaa sawa, mkojo hauigusi nguo hata tone, ila ncha ya mwili inabaki imelowa ndani ya mpira mpaka uuvue. Kwa hiyo mimi nikipanda botini baada ya mbizi ya kwanza, naingia kwenye kichumba cha choo na mfuko wangu: chupa ya maji ya vuguvugu kutoka kwenye themosi, sabuni kidogo, taulo dogo, chupi safi, na mpira mpya kwa mbizi ya pili. Navua, najisafisha, nachukua udhu, navaa kanzu nyepesi juu ya suruali ya joto, naswali. Mwanzoni nilidhani wenzangu watashangaa. Nahodha ndiye aliyenionesha upande ambao boti haiyumbi sana. Mpira wa pili nauvaa baada ya swala, ngozi ikiwa imeshakauka. Ni dakika ishirini, na mapumziko ya kati ya mbizi ni zaidi ya saa, muda unatosha.

Siku ambayo mpira umevuja, nguo ya joto inakuwa na najisi, na hiyo huna pa kuifulia botini. Ndiyo maana nabeba suruali ya pili ya ndani kwenye mfuko usiopitisha maji. Ibebe hata kama huswali, baridi nayo inataka suruali kavu.

Abu Bahr

Jazakallah kheri. Nitamwendea Ijumaa.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi, swali la kunywa halijaisha. Kiasi gani? Maana nawajua watu, watasoma hapa kisha wanywe lita mbili nusu saa kabla ya kuruka.

Nyangumi Kaskazini

Hapana, hiyo itawatesa bure. Mimi naanza jana yake, mchana na jioni, kidogokidogo, mpaka mkojo wa asubuhi uwe na rangi ya maji ya ndimu. Asubuhi uji na chai kama kawaida. Wengine wanaiogopa chai, mimi nainywa na sijaona tofauti, lakini maji ndiyo kinywaji chenyewe. Kikombe kimoja nusu saa kabla ya kuruka. Nikitoka majini, kikombe kingine kabla hata sijafungua zipu, maana nimeshapoteza mengi chini. Mchuzi wa moto kwenye themosi unasaidia kuliko soda.

Mwana wa Kilifi

Boss nimerudi. Wiki tatu zimepita. Nimebadilisha, sasa nina valvu ya kusawazisha, saizi nimepima upya kwa ile karatasi, nimeshuka kutoka 36 mpaka 32. Bafuni jioni ya kwanza sikutoa hata tone, nikakaa saa nzima mke wangu ananigongea mlango. Ya pili ilitoka. Jumamosi nikaenda fjodi, mita 28, hakuna kunyonywa, hakuna alama. Nililala mlalo nikaongeza hewa kidogo kwa suti, ikatoka yote. Nilitoka mkavu mpaka soksi.

Shida moja imebaki. Huku nje ni nyuzi nane chini ya sifuri. Kati ya mbizi ya kwanza na ya pili valvu iliganda. Haizunguki kabisa, na nilikuwa nimeshafungwa zipu. Nikaacha mbizi ya pili.

Nyangumi Kaskazini

Ulifanya vizuri kuacha. Usiilazimishe kwa koleo, meno ya plastiki ya kuzungushia yatapasuka na hapo suti ina tundu.

Yale matone yaliyobaki kwenye kitufe ndiyo yaliyoganda. Ukitoka majini, kabla ya kitu kingine, ipulize kwa pumzi mbili tatu za hewa ya mtungi kutoka nje, kwa mbali kidogo, kisha iache wazi, usiifunge mpaka uko ndani ya gari. Kaa ndani kwenye joto muda wa mapumziko kama unaweza. Na weka themosi moja ya maji ya vuguvugu kwa ajili ya valvu peke yake. Ukiwa umeshavaa kila kitu, mwenzako akumiminie pole pole juu ya paja, izungushe mara mbili mpaka mwisho, mwonyeshe kwa mkono kwamba imezunguka, ndipo muingie.

Mwana wa Kilifi

Sawa. Jumamosi ijayo mke wangu ndiye atabeba hiyo themosi, ameshaiandika jina.